Kuvu Isiyoalikwa

"Katika maabara yangu, haijawahi kuota kuvu ambayo sikuialika!"

Bwana Safi aliyasema hayo kwenye kikao cha mwaka cha wafanyakazi wa hospitali, ameshika kipaza sauti kama mtu aliyekinunua. Mganga mkuu alicheka, wauguzi wakapiga makofi, na dada wa usafi, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akiipiga deki hiyo maabara, akaguna mguno mmoja tu. Jina halisi la bwana huyu lilikuwa kwenye hati ya mshahara. Kwingine kote alikuwa Bwana Safi. Alinawa mikono kabla ya kwenda kunawa mikono. Mstari wa pasi kwenye koti lake jeupe ungeweza kukatia kitunguu.

Kazi yake ilikuwa kuotesha vijidudu vya wagonjwa. Anapaka makohozi au usaha kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu, anaiweka kwenye kabati la joto, kisha anasubiri kuona nani ataibuka. Wakiota bakteria, hapo kuna kazi. Ikiota kuvu, wenzake wengi husema neno moja: vumbi. Mbegu za kuvu zinaelea kila mahali, hata puani mwako sasa hivi, wala hazikufanyi kitu. Basi sahani hutupwa. Na baada ya kile kikao, Bwana Safi alizitupa kwa kasi ya mtu anayeficha sufuria aliyoiunguza.

Shida ikaja kwa shangazi yake. Shangazi huyu ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne, na sasa alikuwa amelazwa wodini, anakohoa mwezi wa pili, na kikohozi kimeanza kuja na damu. Amekonda hadi saa ya mkononi inapanda mpaka kwenye kiwiko. Vipimo vya kifua kikuu havikuona kitu mara tatu. Daktari wa wodi akatuma makohozi kwa Bwana Safi.

Siku ya tatu sahani ilikuwa imetandikwa zulia la kijani-kijivu, laini kama mahameli.

"Dada!" alifoka. "Umefagia kavukavu tena humu?"

"Nimepiga deki kwa maji, kama jana, kama juzi, kama tangu hujaajiriwa."

Akaitumbukiza sahani kwenye ndoo ya klorini. Kwenye fomu akaandika: *Hakuna kilichoota. Leteni makohozi mengine.* Yakaletwa. Zulia likarudi. Safari hii akaisingizia feni, akatumbukiza, akaandika yale yale. Huko wodini daktari akaendelea kumpa shangazi dawa za bakteria, na shangazi akaendelea kutema damu.

Sahani ya tatu ilikuwa ndiyo kwanza imeota manyoya, ndoo iko wazi, mlango ulipogongwa. Alikuwa daktari wa mifugo, mwenye kliniki ng'ambo ya barabara, ameshika kichupa.

"Niazime hadubini. Nina pafu la kifaranga hapa."

"Hii ni hospitali ya watu, bwana."

"Kifaranga ni wa shangazi yako. Wamekufa tisa. Amenipigia simu kutoka wodini, akasema nisikwambie, utamfokea."

"Anafugia wapi?"

"Nyumbani, chini ya kitanda chake! Anasema nje kuna wezi. Amewatandikia maranda ya bure ya fundi seremala, yalinyeshewa yakaota ukungu, sasa yanatoa moshi ukiyapiga teke. Moshi gani, mbegu za kuvu tupu."

Walitazama kwa zamu. Kwenye pafu la kifaranga kulikuwa na nyuzi zenye panda kama manati, nyingine zimebeba vichwa vya mbegu kama brashi ya choo. Daktari wa mifugo akainua uso, akaiona sahani.

"Mbona na wewe unayo hii?"

"Hiyo vumbi."

"Vumbi la nani?"

"La shangazi."

"Sahani ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Nyingine ziko wapi?"

Bwana Safi akaitazama ndoo.

"Mara moja ni vumbi," alisema mwenzake. "Mara tatu kwa mtu yule yule, huyo ni mpangaji. Hebu niambie, yale magoti yake yanayomuuma anayatibu kwa dawa gani?"

Kwa vidonge vya steroidi, alivyojinunulia dukani mwaka mzima. Maumivu vinapunguza, ndiyo, lakini na askari wa mwili vinawalaza usingizi. Mtu mwenye afya zake angevuta mbegu zile akapiga chafya, yakaisha. Shangazi alilala juu ya mbegu hizo kila siku bila mlinzi.

Bwana Safi alikwenda wodini mbio, sahani mkononi, koti limekunjamana. Alimweleza daktari yote, na zile mbili za ndooni pia. Picha ya kifua ikaonyesha mabaka. Dawa ya kuvu ikaanza siku hiyo hiyo, ya kumezwa kwa miezi. Steroidi zikapunguzwa kidogo kidogo. Maranda yakazikwa, vifaranga waliobaki wakajengewa banda.

"Kwa hiyo," shangazi aliuliza, kifua kibovu lakini mdomo mzima, "ugonjwa wangu umeuogesha kwa klorini mara mbili?"

"Nisamehe, shangazi."

"Na aliyeusema ni kifaranga wangu?"

"Ndiyo."

"Basi mngemwajiri yeye."

Wiki ya tatu damu ilikoma. Mwezi wa nne saa ilikuwa imeteremka hadi mahali pake.

Kikao cha mwaka kikafika, kipaza sauti kikamfikia. "Mwaka huu," alisema Bwana Safi, "nilitupa sahani mbili zenye jibu ndani yake, na mgonjwa alikuwa shangazi yangu. Kuanzia sasa, sahani yenye kuvu haitupwi mpaka mgonjwa wake ameulizwa hali."

Aliyepiga makofi ni dada wa usafi peke yake. Mganga mkuu akauliza hasara ya sahani hizo ilikuwa kiasi gani.

"Sahani moja ni shilingi mia tatu," akajibu Bwana Safi.