Nafasi Aliyopewa Zuhura

Kikundi cha taarabu kutoka Dar kilipofika Lindi kutafuta mwimbaji wa kike, watu wa mtaa wa Mtanda hawakuwa na shaka: ni Mwanaheri, nani mwingine? Harusi gani hakuimba? Mwenyewe alikwisha anza kuwaaga majirani, kwa utani.

Siku ya majaribio aliimba beti mbili tu. Kiongozi wa kikundi, bwana mpole, akainua mkono.

"Sauti unayo, dada. Lakini umesimama kama nguzo ya umeme. Siku hizi watu wanakuja kutazama."

Aliyechukuliwa ni Zuhura, binti wa jirani, ambaye kuimba kwenyewe alifundishwa na Mwanaheri jikoni, huku wakikuna nazi.

Tangu hapo Mwanaheri hakukalika. Alifua nguo safi, akafagia uwanja uliokwisha fagiwa. Mumewe Abdulrazak, mchuuzi wa samaki, alipomwambia riziki haivutwi kwa kamba, alimgeukia: "Basi kesho usiende sokoni, tuone kama wateja watakuja kukugongea mlango!" Akaenda Mchinga kwa dada yake kupumzika, hata godoro halijapata joto, akarudi. Alijaribu kucheza mbele ya kioo, akajionea haya, akakigeuzia ukutani.

Jioni moja Zuhura akabisha hodi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hakumkaribisha kiti.

"Wimbo wao una mahali pa kupandisha pananishinda. Sauti inakatika. Na keshokutwa tunaondoka."

Kawaulize waliokuchukua. Neno hilo lilimfika Mwanaheri mdomoni. Lakini Zuhura alikwisha anza kuimba, na sauti ilipokatika, sikio la mwalimu halikustahimili.

"Pumzi unaivuta umechelewa! Ivute kabla ya neno. Haya, tena."

Wakarudia mpaka adhana ya isha. Zuhura alipofaulu kupandisha, alimrukia shingoni akilia. Mwanaheri hakulia. Alimtoa taratibu. "Nenda, utakauka koo."

Siku ya safari alikwenda stendi, ila si kwa Zuhura. Alimfuata kiongozi.

"Mtatafuta tena lini?"

"Siwezi kukuahidi, dada."

"Sijakuomba ahadi. Nimeuliza lini."

Yule bwana akapanda garini. Basi likaondoka, na Mwanaheri, badala ya kurudi nyumbani, akanyoosha hadi kwa Bi Mwanahija, kungwi wa mtaa, mchezaji asiye na mpinzani.

"Nifundishe kucheza."

"Wewe? Kwa umri huo?"

"Kwa umri huuhuu."

Wanawake waliokuwapo walicheka hadi wakafutana machozi. Alirudi kesho yake, wakacheka tena. Mpaka leo miguu yake inachelewa ngoma, na kila simu ikilia huacha sufuria motoni akaikimbilie. Aghalabu ni Zuhura, anaulizia mahali pengine panapomshinda. Mwanaheri humwimbia pale pale, amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje.