Steji Iliyojaa Watu Wawili

Kwenye steji yetu karibu na Alupe waliweka kibao kipya chenye mraba wa madoadoa meusi. Unauskani kwa simu, unabonyeza "nasubiri", na dereva aliye Busia anaona kwenye simu yake kwamba kuna mtu. Niliuchukia tangu siku ya kwanza. Zamani dereva alikupita kwa sababu hakukuona. Sasa anakupita akijua kabisa kwamba upo.

Dereva wa Busia hatoki mjini kwa ajili ya mtu mmoja. Gari linajaa kwanza, kisha linapita kwetu likielekea Malaba, makanga akitupungia mkono mlangoni.

Siku hiyo tulifika steji mapema, mama na mimi. Dada yake mkubwa alikuwa anazikwa Malaba, na mama alitaka jambo moja tu: kuuona uso wake kabla jeneza halijafungwa. Pikipiki hapandi tangu apasuliwe nyonga. Nikaskani. Simu ikaandika kwamba mtu mmoja anasubiri. Nikamskania mama naye, ikakataa. Simu moja, mtu mmoja. Gari likapita. Lingine likapita. Jua likapanda, na mama akaacha kuniuliza saa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikakitukana kile kibao, kwa sauti. Mama mmoja anayeuza nyanya hapo akaniuliza kimenikosea nini, nikamweleza, mazishi na yote.

"Kumbe inataka kuona watu?" akasema. "Si tuijazie tu?"

Mpakani magari hujazwa hivyo. Vijana hukaa vitini wakijifanya abiria, mpaka wewe uamini gari linaondoka, uingie, nao washuke. Basi simu zikatoka. Muuza nyanya akaskani, wauza samaki wa omena wakaskani, fundi viatu akaskani, hata watu wa pikipiki, waliokuwa wakijiharibia kazi.

Haukupita muda, gari likaja mbio kutoka Busia, tupu. Makanga akaruka chini kabla halijasimama.

"Simu imesema steji imejaa. Watu wako wapi?"

"Ni sisi," nikasema.

Akatutazama, akakitazama kibao. "Mama, hii gari haiwezi enda Malaba na watu wawili."

Mama akaushika mlango wa gari.

"Nani amekuambia ni wawili?" akasema muuza nyanya. Alikuwa ameshazifunika nyanya zake kwa gunia. "Hii ni matanga. Sogea."

Akaingia. Wenzake wakamfuata wakijifunga leso, mmoja akiuliza marehemu aliitwa nani ili ajue atamlilia vipi. Makanga akafunga mlango.

Tulifika Malaba kifuniko cha jeneza kikiwa tayari mikononi mwa vijana. Wale akina mama wakaangua kilio nyuma yetu, na watu wakatupisha wakidhani ukoo mzima wa Alupe umeingia. Mama akainama, akaligusa shavu la dada yake.

"Nimechelewa," akamwambia. "Lakini nimekuja na watu."