Miguu Iliyotangulia Trekta

Wajukuu wangu wana dawa ya kumimina ndani ya tairi. Wanaitikisa kwenye chupa, wanaiingiza, na mwiba ukichoma dawa inaziba yenyewe, trekta linaendelea na kazi. Juzi mmoja wao akaniuliza, "Babu, enzi zenu za Mwingereza mlizuiaje pancha?" Nikamwambia, "Tulijitahidi." Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimtuma sukari dukani ili aondoke mbele yangu, maana jibu lenyewe si la kumpa mtu aliyesimama mlangoni anachezea chupa, na mimi hasira zangu haziko mbali.

Jibu ni hili: nililinda matairi kwa miguu ya dada yangu. Nilikuwa na dada mmoja tu. Trekta nalo lilikuwa moja, tena halikuwa langu.

Kwetu ni Butiama. Mama alifariki mimi sijaota meno yote, na aliyenibeba mgongoni ni huyo dada, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa kubebwa. Baadaye aliolewa Mugeta, mume akafa, hakuwa na mtoto, akarudi. Nilipopata kazi ya udereva Bugwema alifunga mzigo wake akanifuata, hakuuliza kama namtaka. Alisema, "Nani atakupikia huko? Hilo trekta?" Basi tukakaa wawili. Mtu akiniuliza familia yangu ni nani, nilikuwaga namwonyesha yeye.

Trekta lilikuwa la tajiri mmoja wa Musoma mjini, mfanyabiashara wa pamba. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini alikuwa na wazimu mmoja: matairi. Tairi la trekta likifa, jingine lilisubiriwa kutoka mbali, lishushwe na meli bandarini, na kusubiri kwenyewe kunaweza kumaliza mvua zote. Nilipomharibia tairi la pili katika msimu mmoja alikuja mpaka shambani, akalizunguka taratibu, akaniambia, "Sikiliza, kijana. Likitoboka la tatu, kiti hicho atakikalia mwingine." Hakupaza sauti hata kidogo. Nikaona afadhali angenitukana.

Sasa mtu asiyejua atasema, dereva gani huyu wa kukanyaga miiba? Aje alime Bugwema kwanza! Sisi watu wa Mara ni wa ng'ombe, na zizi letu tulikuwaga tunalizungushia matawi ya mgunga yaliyokatwa, miiba ikitazama nje. Watu wakihama, zizi linaachwa. Matawi yanaoza, ua unaanguka, nyasi zinaota juu, mwisho huoni kitu. Ila mwiba hauozi upesi. Unalala chini ya udongo, mrefu kama kidole, mgumu kama msumari. Na ardhi ya mahame hayo, kwa samadi ya miaka yote ile, ndiyo nyeusi, ndiyo nzuri, pamba yake inakufika kifuani. Kwa hiyo tajiri alitaka tulime mahame kwanza. Mimi napanda juu ya trekta, natazama shamba limetulia, zuri, halina hata kichaka, na ndani yake limejaa miiba mitupu.

Tulijaribu mengi. Tulichoma moto nyasi, miiba ikabaki, tena nadhani ikakomaa zaidi. Tulifunga gogo tukaliburuza kukwangua udongo, gogo likapita juu ya miiba kama halijaiona. Nilikata ngozi ya ng'ombe nikaitandika ndani ya tairi, kati ya tairi na tyubu, nikajiona mjanja kuliko Wazungu wote. Kwa siku mbili ilifaa. Siku ya tatu ngozi ilikauka ikajikunja, ikaisaga tyubu vibaya kuliko mwiba wowote. Nilikaa chini ya jua naziba. Kuziba nilikujua: unakwangua mpira, unaufuta kwa petroli mpaka usibaki hata na chembe ya vumbi, ndipo unapaka solusheni na kubandika kiraka. Ukibandika juu ya uchafu, umefanya kazi bure. Hilo nilikuwa nalihubiri kwa kila mtu aliyepita.

Siku hiyo dada aliniletea uji shambani. Akawa anatembea kunifuata, peku kama alivyokuwa siku zote, mara akasimama ghafla mguu mmoja juu. Akainama, akafukua kwa kidole, akatoa kipande cha tawi chenye miiba mitatu. Hakukiona, alikihisi tu. Unyayo uliigusa ncha, akaurudisha kabla uzito haujafika. Akapiga hatua nne, akasimama tena. "Na hapa upo," akasema.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliacha uji nikaenda kumwambia msimamizi kwamba tunataka wanawake kumi, wapangwe safu moja, watembee polepole mbele ya trekta, wafukue kila wanachohisi. Nikasema wawe peku. Hilo la peku halikutoka kwa tajiri, wala kwa msimamizi, wala kwa Mwingereza. Nilisema mimi. Na jina la kwanza nililotoa lilikuwa la dada yangu.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Wanawake waliipenda kwa kuwa haikuwa ya jembe, na safu yao ilikuwa na kelele na vichekesho tangu asubuhi. Dada ndiye aliyekuwa katikati, wengine wakimfuata mwendo. Alinitania bila huruma. "Tembeeni vizuri, jamani, msije mkamwamsha bwana tairi!" Au ananigeukia: "Wewe, hilo tairi unalidekeza hivyo, mahari yake ulipeleka wapi?" Wote wanacheka, na mimi juu ya kiti nanuna, lakini ndani nacheka. Kila jioni nilizunguka trekta nikipapasa matairi kwa viganja. Mazima. Wiki ikaisha, mazima. Tajiri alipokuja alinishika bega, akasema nina akili.

Siku moja dada akasema, "Nyuma ya banda kuna tairi bovu. Nikatie katambuga." Katambuga ni ndala za tairi, mjini Musoma na Bunda mafundi walikuwa wanazikata kila pembe. Ningeweza kumkatia jioni moja, kisu ninacho. Nikamjibu, "Ukivaa katambuga utahisi nini? Si bora ukae nyumbani tu?" Akacheka. Akasema, "Basi, mheshimiwa." Hakuomba tena. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimesema maneno mengi ya kipumbavu, lakini hilo ndilo ningelipa chochote nilirudishe mdomoni.

Mwiba ulimchoma kwenye zizi kubwa la mahame, karibu na kisigino. Safari hii ulikuwa umesimama wima, hakuwahi kurudisha mguu. Aliuvuta, ukakatika, nusu ikabaki. Alichechemea mpaka jioni kwa sababu hakutaka safu ivunjike. Nyumbani niliitoa ile nusu kwa ncha ya kisu, naye akanisonya tu. Kisha nikafanya kile ambacho kila mtu kwetu angefanya, alichonifanyia yeye mwenyewe nilipokuwa mdogo kila nilipochomwa: nilikwenda zizini kwa jirani, nikachota samadi mbichi, ya moto bado, nikamkandika kwenye tundu la kisigino na kumfunga kitambaa juu. Sisi samadi tunasiriba nayo nyumba, tunapaka nayo ghala, ng'ombe ndiye uzima wetu, nani angefikiri kinyesi chake ni sumu? Nilimfunga vizuri. Niliona nimemtunza.

Kesho yake alirudi kwenye safu, na siku zilizofuata. Kidonda kikakauka juu. Tukasahau.

Wiki moja hivi ikapita. Asubuhi akasema hawezi kutafuna, taya limekaza, labda jino. Nikasema, "Alhamdulillahi, leo tutapumzika na mdomo wako." Sisi si Waislamu, ni maneno tu niliyookota kwa wenye maduka wa Bunda, na yeye kwa kawaida huyachekea. Hakucheka. Alinitazama kama anataka kunieleza jambo na hajui aanzie wapi. Jioni nilimkuta amelala chini, mgongo umepinda kama upinde, meno yameumana, jasho linamtoka, na macho yako wazi kabisa, ananiona, anajua kila kitu. Mama wa jirani alikuwa naye. Aliniambia, "Kila mlango unapogonga anashikwa upya."

Alfajiri niliomba trekta. Msimamizi hakubisha, aliniangalia usoni tu akanipa. Tulimlaza dada kwenye tela juu ya majani, mama wa jirani akakaa naye, tukaanza safari ya Musoma. Na hapo ndipo nilipoelewa ninachomfanyia. Sauti ya injini ilikuwa inamkamata. Nilikuwa nikigeuka namwona ananyanyuka mgongo kutoka kwenye majani, kakauka mwili mzima, bila kilio, maana mdomo haufunguki. Nikazima. Akalegea. Nikaondoka tena kwa gia ndogo, akashikwa. Sasa nifanye nini? Nikizima hatufiki, nikiwasha namtesa. Mama wa jirani alimziba masikio kwa viganja, na yeye mwenyewe akawa analia, ananipigia kelele, "Nenda! Usigeuke nyuma, nenda!" Nikaenda. Njia yote mpaka Kigera, pale unapokaribia Musoma mjini, sikugeuka nyuma, na nilikuwa nalia kwa sauti nikijua hakuna atakayesikia.

Hospitalini dresa, yule mhudumu wa vidonda, alitoka mbio akinipungia mikono nizime hilo dude. Walimwingiza kwenye chumba chenye giza, wakaning'iniza mablanketi dirishani. Dresa alikuwa mtu mzima, mpole. Akaniuliza kidonda kilipo, nikamwonyesha. Akauliza, "Mlikiosha na nini?" Nikasema, "Tulipaka samadi." Alifumba macho kidogo. Akasema inaitwa pepopunda, na kwamba mdudu wake anakaa humo humo, kwenye udongo wa zizi na kwenye samadi. Hakunilaumu. Mimi nilikuwa nanusa petroli kwenye vidole vyangu, nikaificha mikono nyuma.

Nilitaka kubaki. Dresa akasema mgonjwa hatakiwi kusikia hata hatua za mtu, sitaruhusiwa kumwona, na trekta lisiwashwe tena karibu na ukuta ule. Tulilisukuma mpaka barabarani, mimi na watu wawili niliowaomba. Tajiri naye alikuja hapo, akanipa pole, nadhani alimaanisha. Kisha akasema mvua imekaribia, zizi lile kubwa halijaisha, na mama wa jirani atabaki pale hospitalini, si ndiyo? Ningeweza kukataa. Watu wamekataa mambo makubwa kuliko hayo. Lakini nilikuwa mtu wa kutumwa tangu utotoni, na kiti kile kilikuwa kitu pekee nilichowahi kuwa nacho ambacho watu walikionea wivu. Nikasema, "Ndiyo, bwana." Nikarudi Bugwema.

Siku ya tatu tulikuwa tunalima. Safu ilikuwa na wanawake tisa, pengo la katikati hawakuliziba. Hakuna aliyechekesha. Mimi nilikuwa nyuma yao nimeukamata usukani, injini inanguruma, nikijisemea kwamba nikimaliza kile kipande nitapata ruhusa, nitakwenda.

Mara safu ikasimama. Nikadhani wamepata mwiba. Nikasubiri. Hawakuinama. Niliona mtu amekuja kutoka upande wa njia, amesimama nao, wamemzunguka, na jua linapanda na kazi haiendi. Damu ikanichemka. Nikasimama juu ya kiti nikafoka kwa nguvu zangu zote, "Nyie! Mnasimamia nini hapo? Tembeeni! Tembeeni mbele!"

Wakageuka kunitazama, wote kwa pamoja. Mmoja, mkubwa kuliko wengine, alinyoosha mkono, akaushusha taratibu, maana yake nizime. Nikazima. Kumbe walikuwa wanalia muda wote ule, injini tu ndiyo ilikuwa imewafunika.

Yule mkubwa akaja mpaka kwenye gurudumu, akanishika mguu.

"Shuka, mdogo wangu," akaniambia. "Shuka sasa."

Nikashuka. Nilikuwa nimevaa buti.