Kamera Isiyokuwepo Kwenye Kitenge

Dada yangu Firdausi alianza kupiga picha mwaka ule kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, na harusi nyingi za Nyakitonto kazipiga yeye. Kamera yake aliinunua kwa maharage aliyoyalima mwenyewe. Hata hivyo, wapiga picha wenzake wa Kasulu mjini walimfanya kama kibarua wao.

Kila Jumapili jioni walikutana nyuma ya studio ya Twalibu. Walitandika kitenge, wakazipanga kamera zao kama maharusi, hii imevishwa kofia, ile imechomekwa ua, kisha wakapigwa picha pamoja nazo huku wakicheka. Mpigaji alikuwa Firdausi siku zote, kwa kamera yake.

"Yako ndiyo inatoa picha safi, dada," Twalibu alimwambia. Maneno matamu ya bure hayo. Kamera ya dada haikuonekana katika picha hata moja.

Mwaka 2014 Twalibu alisafisha mojawapo ya picha hizo kwa ukubwa, akaitundika studio na kuandika chini yake: Kamera za Kasulu. Mama mmoja aliyekuwa akitafuta mpiga picha wa harusi aliitazama, akamuuliza Firdausi, aliyekuwa pale, kamera yake ni ipi.

Twalibu akawahi kujibu, "Huyu anatusaidia tu."

Kazi ya harusi ile akaichukua Twalibu. Mimi nilitamani kuichana ile picha.

Jumapili iliyofuata Firdausi aliweka kamera yake katikati ya kitenge, akakaa kando yake.

"Sasa nani atapiga?" Twalibu akauliza.

"Apige mwenye kamera," dada akasema. "Mimi ninasaidia tu."