Barua ya Bodi Niliyoisoma Nusu

Nimekosa. Nalisema mapema kabisa, usije ukafika katikati ukaanza kunionea huruma. Niliwakosea watu waliokuwa wakiniita Mwalimu, na mmoja wao, mwanamke ambaye hakuwahi kunitamkia hata neno baya, mpaka leo anabeba kosa langu kana kwamba alilizaa yeye.

Ilikuwa miaka ya 2014, 2015 hivi. Nilikuwa naishi katika mji mdogo jirani na Buffalo, na jina la mji wenyewe siliweki. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Singida, nina shahada mbili za historia, na pale chuoni nilifundisha vipindi vya kuokoteza. Yaani nilikuwa msomi wa kutosha kuwasahihisha watu mezani, lakini si wa kutosha kupewa ofisi yenye dirisha.

Basi mji ukaamua kuunda Bodi ya Kuhifadhi Majengo ya Kihistoria. Halmashauri ikapitisha sheria ndogo, meya akateua wajumbe saba, halmashauri ikawathibitisha. Sheria ilitaka awepo msanifu majengo, mwanasheria, mtu wa biashara ya nyumba, mtu wa historia, na wakazi wa kawaida. Mtu wa historia nikawa mimi.

Loo, nilivyovimba! Nikanunua koti. Nikampigia simu mama yangu Singida kumwambia nimeteuliwa na meya.

"Watakupa gari?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni kazi ya kujitolea."

"Haya, wasalimie watoto."

Kazi yetu ilikuwa kupendekeza majengo yatangazwe kuwa ya kihistoria. Jengo likishatangazwa, mwenyewe haruhusiwi kugusa sehemu ya nje, awe anabadilisha paa, dirisha au mlango, mpaka aje kwetu aombe kibali. Kabla ya kulitangaza, tunamtumia mwenye jengo barua ya posta ya kutia saini, tunafanya kikao cha wazi, kisha halmashauri inapiga kura. Na mwenyewe akipinga kwa maandishi, hata kwa mistari miwili tu, sheria inataka kura nyingi zaidi. Kwa halmashauri ile, kura hizo zisingepatikana.

Shika hapo pa mistari miwili.

Bodi mpya inahitaji jengo la kwanza, vinginevyo watu watauliza iliundwa ya nini. Tukajaribu jumba moja la kitajiri. Mwenyewe akaja na wakili. Tukajaribu duka la zamani; mwenye duka akatuandikia barua ambayo siwezi kuinukuu hapa. Miezi ikapita. Mwenyekiti wetu, msanifu mstaafu, mzee mpole, siku moja akavua miwani akasema, "Naona tutabaki kuwa bodi ya kunywa kahawa."

Mimi nikainua mkono. "Nina jengo. Na wenyewe hawatapinga."

"Una uhakika?"

"Wale ni watu wangu," nikasema.

Watu wangu! Hebu fikiria mtu anavyoweza kuuza wenzake kwa maneno mawili, tena kwa sauti ya upendo.

Jengo lenyewe lilikuwa kanisa la matofali mekundu, lenye mnara mfupi na paa la vigae vya mawe meusi. Wazungu waliolijenga walikuwa wamezeeka wakaisha, na waliolinunua walikuwa Wakongo kutoka Kivu, watu waliopitia kambi za wakimbizi na sasa wanafanya kazi kwenye maghala na kwenye nyumba za wazee. Nami nilikuwa nasali pale, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusikia neno la Mungu kwa Kiswahili.

Baada ya ibada tulishuka chini kunywa chai. Hapo ndipo ulipokuwa ufalme wangu. Kila mtu alikuja na barua zake za wiki nzima, za hospitali, za shule, za umeme, za mwenye nyumba. Watoto walisoma Kiingereza vizuri kuliko mimi, lakini wazazi hawakutaka mtoto ajue mambo ya nyumba. Walitaka Mwalimu. Nilisoma, nikatafsiri, nikawaambia hii jibu, hii tupa. Hakuna aliyewahi kuniuliza mara mbili.

Katibu wa kanisa alikuwa Mama Neema. Hilo si jina lake, nimempa tu. Jumapili moja akanisogelea na bahasha kubwa, na Kiswahili chake cha Kivu kilichochanganyika na Kifaransa.

"Mwalimu, bon, kuko na hii ingine. Wa posta alinilazimisha kutia saini. Minaogopa. Iko ya serikali?"

Niliijua kabla hajaifungua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesaidia kuiandika!

"Ya mji," nikasema. "Ni jambo jema, Mama Neema. Wanataka kuliheshimu kanisa."

"Heshima gani?"

"Watalitangaza kuwa jengo la historia. Watabandika kibao cha shaba mlangoni."

"Donc tunalipa?"

"Hamlipi hata senti."

"Na hapa bameandika siku na saa. Tunapashwa kwenda?"

"Si lazima. Mtapoteza siku ya kazi bure. Mimi nitakuwepo."

Akacheka, mabega yakamshuka. "Basi kama Mwalimu uko kule, sisi twende tufanye nini?"

Ukichunguza, hakuna neno la uongo nililosema. Lakini barua ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa pili ndio ulioeleza haki ya kupinga, na ndio ulioeleza kwamba baada ya hapo hata kigae kimoja hakibadilishwi bila kibali. Huo niliukunja nyuma ya wa kwanza, nikamrudishia bahasha yake.

Siku ya kikao mwenyekiti akauliza kama yupo mwenye jengo anayetaka kuzungumza. Kimya. Akauliza tena, ndivyo sheria inavyotaka. Kimya. Tukapitisha. Halmashauri nayo ikapitisha. Kibao kikabandikwa, Wakongo wakapika sombe, yaani kisamvu, na wali, mwenyekiti akala sahani mbili. Mimi nikahutubia. Usiniulize nilisema nini, nilisema kila kitu isipokuwa ukurasa wa pili.

Majira ya baridi yaliyofuata theluji ilikaa juu ya lile paa wiki kwa wiki. Ilipoyeyuka, vigae vikaanza kudondoka na maji yakaingia hadi mahali walipokaa watoto wa shule ya Jumapili.

Wanaume watatu wa kanisa walikuwa mafundi paa. Tajiri wao akawapa vigae vya lami vilivyobaki kwenye kazi fulani, bure kabisa. Jumamosi asubuhi wakapanda juu wakiimba. Saa sita mchana mkaguzi wa mji akafika, akabandika karatasi nyekundu mlangoni, akawashusha.

Wakaletwa mbele ya bodi. Mbele yangu!

Mchungaji, mzee mmoja mrefu aliyewahi kuwa mwalimu wa shule kule Uvira, alisimama na kofia mkononi. Mwenyekiti akaniomba nitafsiri.

"Baambie hatukatae mawe," Mchungaji akasema. "Mawe njo hatuna. Maji iko inaanguka juu ya batoto."

Nilitafsiri vizuri mno. Nikaongeza hata vivumishi. Bodi ikasikitika, kisha mwenyekiti akasema paa ni la mawe au la kitu kinachofanana na mawe, si lami. Mwanasheria akasema wenye jengo walijulishwa na hawakupinga, na risiti ya posta hii hapa. Ikazungushwa mezani. Saini ya Mama Neema, kubwa, ya kubonyeza kalamu.

Wajumbe sita walikataa. Mimi sikupiga kura, kwa sababu nilikuwa mkalimani. Wakanisifu kwa uadilifu wangu!

Nje, kwenye ukumbi, Mchungaji akamgeukia Mama Neema. "Hii barua ulipokea?"

"Nilipokea, Mchungaji. Mwalimu aliisoma. Alisema iko heshima tu."

Wote wakanitazama. Nyuma yangu mlango ulikuwa wazi, mwenyekiti anavaa koti lake. Naye Kiswahili hakijui, jamani! Angesikia nini? Lakini nilimwogopa mwenyekiti, nikamwogopa na Mchungaji, nikaliogopa hata lile koti langu.

"Barua zilikuwa nyingi, Mchungaji," nikasema. "Huenda hiyo hakunionyesha."

Mama Neema akasema, "Mwalimu?"

Sheria ilikuwa na mlango mmoja uliobaki. Mwenye jengo asiyeweza kabisa kumudu masharti yetu aliweza kuomba msamaha wa ugumu. Niliujua mlango huo. Nilikuwepo tulipojadili kila kifungu. Sikuwaambia. Swali la kwanza kwenye ombi lingekuwa kwa nini hawakupinga mapema, na jibu lilikuwa mimi.

Wakafunika paa kwa turubai. Majira ya baridi ya pili sehemu ya paa ikaporomoka, siku ya Jumanne, hapana mtu ndani, Mungu ashukuriwe. Mhandisi wa mji akasema jengo ni hatari. Na ubomoaji wa dharura haupiti kwenye bodi. Mashine zikaja, siku mbili hazikuisha. Katika kikao kilichofuata tukaliondoa jengo kwenye orodha. Orodha ilikuwa na jengo hilo peke yake. Katibu wa bodi akaandika kwamba tumelifuta kwa masikitiko.

Watu wakatawanyika. Mchungaji na familia kadhaa wakaenda Columbus, upande wa Northland. Mama Neema akaenda Louisville kwa kaka yake, akapata kazi ghalani. Mimi nikajiuzulu kwa barua ya kiungwana, nikahamia Cheektowaga, kando ya Buffalo, nyumba yenye gereji.

Mke wangu ndiye aliyenifumbua macho. Nilikuwa nimemweleza kipande kipande, kwa miezi, kila mara nikijipunguzia. Siku moja akasema, "Baba Asha, wewe unamsimulia nani? Mimi sikukosewa."

Nikaendesha gari hadi Louisville.

Binti yake alifungua mlango, akaita ndani, "Mom, it's Mwalimu." Mama Neema alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, bado amevaa fulana ya kung'aa ya ghalani. Akanipa kiti. Akanipa maji. Nikamwambia yote, mpaka ukurasa wa pili, mpaka ule mlango wa msamaha wa ugumu ambao hakuwahi kuusikia.

Hakulia. Alisikiliza kama mtu anayesomewa barua.

"Unajua kule Columbus banasema nini?" akaniuliza. "Banasema Mama Neema njo aliuzisha kanisa. Mama yangu mukubwa alikufa kule. Sikuenda kwa kilio. Ningekaa na nani?"

"Nisamehe, Mama Neema."

"Mimi nitaifanya nini hiyo pardon hapa Louisville? Ipeleke kwa Mchungaji. Aiseme mbele ya batu."

Alikuwa na haki. Siku ile ile nikageuza gari kuelekea Columbus.

Mchungaji anakaa ghorofani, karibu na Morse Road, na sasa wanasali katika chumba cha kukodi nyuma ya duka la vyakula. Amezeeka. Akanikumbatia muda mrefu. Nikamwambia, "Mchungaji, barua aliisoma Mwalimu. Mama Neema alisema kweli. Ukurasa wa pili niliukunja mimi, na kwenye ukumbi nilidanganya."

Akatikisa kichwa, anatabasamu.

"Mwalimu, acha. Roho yako iko muzuri sana. Unataka kubeba zambi ya mama yule."

"Si yake! Ni yangu!"

"Sisi wote tulikuona mbele ya bazungu ukitusemea. Mutu wa vile atatuuza? Hapana. Umetoka kwake, eh? Amelia, ukamuhurumia."

Nikaapa. Nikamtajia tarehe, nikamtajia hata maneno ya barua. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuniona mtakatifu. Mwisho akanishika mkono akaanza kuniombea.

Wiki iliyofuata akanipigia simu kwa furaha. Alikuwa amehubiri habari zangu: msomi aliyesafiri majimbo matatu ili ajitwike kosa la mwingine. Watu walilia, akasema.

Habari zikamfika Mama Neema. Nilipompigia, binti yake ndiye aliyepokea, akaniambia kwa Kiingereza chenye adabu kwamba mama hayupo, na kwamba nisipige tena.

Wewe unayesomea wenzako barua, kanisani, msikitini, dukani, sikia. Soma zote. Soma na ule ukurasa usioupenda, tena uusome wa kwanza. Kama kikao ni chao, waambie waende, hata kama wewe utakuwepo. Hasa kama wewe utakuwepo! Na ukishadanganya, rekebisha pale pale, kwenye ukumbi, wote wakiwa bado wamesimama. Ukingoja, utakuta imani yao kwako imekua hadi hawakuruhusu kuwa mkosaji.

Jina langu sikuliandika. Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto. Ni woga ule ule.

Huko Columbus, kila Jumapili, wananiombea mimi. Yeye hawamtaji.