Alimwita mama yangu mchawi kwa chupi alizompa mwenyewe, leo ananiletea sidiria yake

Admin, jina langu lifute kabisa, maana huyu nitakayemsema ana watoto humu ndani. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, nimeolewa, nina kibanda cha kushona hapa Jabe, Bujumbura. Kazi yangu ni nguo za ndani zilizochoka: sidiria iliyokatika kamba, chupi iliyolegea mpira. Nilifundishwa na marehemu mama yangu, na nataka mjue alikufaje.

Wakati wa vita tulikuwa tunakaa Kamenge. Siku watu walipouhama mtaa wetu, baba hakutoka. Mama alitushika mkono mimi na mdogo wangu wa kike, tukakimbilia huku Jabe kwa baba mdogo, na nguo tulizovaa tu. Baba mdogo alitupokea kwa moyo. Mke wake, mama mdogo, alitupokea kwa sababu majirani walikuwa wanaangalia.

Ilikuwa miaka ya ambargo, nchi jirani zimetuwekea vikwazo, mipaka imefungwa, kila kitu dukani bei juu, hata pamba. Mimi nilikuwa nimeanza kuona siku zangu na sina cha kujistiri. Ndipo mama mdogo akasafisha kabati lake, akamtupia mama furushi la chupi, sidiria na fulana zilizochakaa.

"Peleka kwenye taka," akasema.

"Naweza kubaki nazo? Nina mabinti," mama akamuuliza.

Akacheka. "Baki nazo, kama hauna haya."

Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu.

Mama alizichemsha, akazianika juani, akakaa na sindano. Fulana alizikunja tabaka juu ya tabaka, akanishonea vitambaa vya hedhi vyenye vifungo pembeni. Chupi kubwa alizipunguza zikatutosha. Kamba za sidiria zikawa mikanda ya sketi ya mdogo wangu, ikawa inapendeza mpaka watoto wa jirani wanaiulizia. Jioni moja baba mdogo akaiona ile sketi, akasema mbele ya mke wake, "Shemeji, we ni fundi kweli. Kumbe humu ndani tunatupa mali!"

Hayo maneno tu. Mama mdogo akaondoa sahani.

Ijumaa wamama wa mtaa walikuja kwa darasa la dini. Mama mdogo akatoka uani ameshika kitambaa changu cha hedhi kwa vidole viwili, amekitoa kwenye kamba. "Wamama, angalieni! Huyu mwanamuke nilimupokea, sasa anaiba chupi zangu, anazikata, anazifanyia dawa ya kunichukulia bwana. Mutu muzima anakata chupi ya mwenzake kwa sababu gani?"

"Si ulinipa mwenyewe?" mama akasema. "Sema kweli, Mungu anakusikia."

"Apana! Mi sijakupa kitu."

Mama akaapa. Wale wamama wakavuta nguo zao, wasimguse. Mimi nikasema, "Alimpa, mi nilikuwepo," wakaniambia mutoto anyamaze. Kitambaa changu kikaachwa pale katikati ya mkeka, na kila mtu anajua ni cha nani. Baba mdogo aliporudi msikitini alisikiliza, akaangalia chini. Kabla ya magharibi tulikuwa tumefukuzwa, tuko njiani kwenda Buterere.

Kule tulipata kichumba pembeni mwa mashamba ya mpunga. Mvua iliponyesha maji yalilala na sisi ndani. Mama akashikwa na malaria, na siku zile barabara zilikuwa zimefungwa kwa risasi, hakuna wa kumpeleka hospitali. Homa ilipompanda alikuwa ananiuliza jambo moja tu. "We ulisikia akinipa, si ndiyo?" Namjibu, "Nilisikia, mama." Baada ya muda ananiuliza tena. Alikufa anauliza hivyo. Mama mdogo hata kwenye matanga hakufika.

Sasa wiki hii amekuja kibandani kwangu. Amekonda, amezeeka. Alikatwa titi moja kwa ugonjwa. Jumamosi anamwoza binti yake na hataki wakwe wajue. Wanawake kama yeye huja kwangu: nachukua sidiria ya zamani, naitia mfuko ndani, naujaza vitambaa na mtama kidogo uwe na uzito. Nikamtambua, nikajifanya simjui, nikampima. Nilikuwa nashikiza mfuko aliposema, "Mama yako alikuwa anashona hivyohivyo."

Mkono ukasimama. "Ulijua kama ni mi?"

"Nilijua. Ndiyo maana nimekuja. Nyinyi watu wa kusitiri, we hautasema." Akavaa baibui yake. "Unishonee vizuri. Na harusini uje."

Hakuna pole. Hakuna samahani. Mama yangu hakumtaja hata jina.

Ndugu zangu, ule mfuko bado nimeushikiza kwa uzi uliooza. Nikiuacha hivyo, atakapoinua mikono kucheza na wenzake, titi litadondoka kwenye zulia mbele ya wakwe. Nimeshaiona hiyo picha kichwani mara nyingi, na kila mara nacheka peke yangu. Mume wangu anasema nimshonee vizuri nimwachie Mungu. Mdogo wangu anasema nisimpe kabisa mpaka awaite wale wamama walio hai, aseme mbele yao kwamba alimpa mama zile nguo kwa mkono wake.

Msiniandikie mambo ya kusamehe. Hakuna aliyeniomba msamaha. Niambieni tu: nimuaibishe ukumbini kama alivyotuaibisha, au nimbane kwanza aseme ukweli? Mi nifanye nini? Nijibuni leo, kesho baada ya adhuhuri anakuja kuichukua.