Kijani Chini ya Shavu

Mwalimu wangu wa rangi za mafuta alikuwa mjane wa mtaa wa Kisenyi, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walifuata biashara kutoka pwani wakabaki. Alichorea ghorofani, juu ya duka la jumla la kaka yake. Mimi ni askari polisi, binti wa askari polisi, mzaliwa wa kambi ya polisi ya Nsambya. Nilimwendea nikiwa mtu mzima, nikitaka jambo moja tu: kumchora mama yangu.

"Mama atasubiri, afande," alisema. "Anza na huyu."

Akanipa picha iliyochapwa ya bibi kizee wa Kiitalia, kazi ya bingwa mmoja wa karne nyingi zilizopita. Bibi kajifunga kitambaa cheupe, kafumba midomo kama anayezuia neno. Nikatakiwa kumnakili.

Kwanza alinifanya niupake uso wote wa bibi rangi ya kijani.

"Mwalimu, si amekuwa maiti huyu?"

"Mabingwa wa kale walianza hivyo. Vumilia."

Juu ya kijani kile nilipaka waridi nyepesi mno, tabaka baada ya tabaka, nikingoja kila moja likauke. Jumamosi moja shavu likaingia damu. Kijani kilikuwa kimebaki chini, kikipoza ngozi pale penye mfupa, na bibi akawa anapumua. Nilipiga ukelele hadi wateja wa chini wakanyamaza.

Nikajivuna. Nikamchorea jicho lenye kope ndefu, moja moja. Mwalimu alichukua kisu cha rangi akalikwangua lote.

"Kope umeziona wapi?"

Nikaitazama picha upya. Hapakuwa na kope hata moja. Palikuwa na mstari wa kivuli tu, nao ulitosha. Tangu siku hiyo nilimheshimu yule bingwa. Hakumfichia bibi kunyanzi hata moja, wala hakumdhihaki.

Nakala ilipokamilika, nilimleta mama. Alikaa dirishani na gauni lake la kanisani, akimsimulia mwalimu vituko vya kambini kwa Kiswahili chetu cha kiaskari, mwalimu akicheka mpaka machozi. Lakini kwenye turubai, kijani changu kilimgeuza mama kuwa mgonjwa. Mwalimu aliinama akaitazama picha.

"Huyo bingwa wako hakupata kumwona mama yako," alisema. "Hapa hata mimi sijui. Tujaribu wote."

Akavuta kiti kando yangu, mwanamke aliyechora maisha yake yote, akawa anachanganya rangi kwenye kipande cha mbao na kufuta kama mwanafunzi. Tuliharibu rangi nyingi. Mwishowe tuliweka chini hudhurungi yenye wekundu, na buluu nyembamba kwenye paji la uso, pale mwanga wa dirisha ulipotua. Uso wa mama ukaja.

Siku nilipomwonyesha, alijishika shavu.

"Huyu si mimi," alisema. "Huyu ni mama yangu."

Bibi yangu mzaa mama alifariki kaskazini mwa nchi wakati wa vita, nyumba ikateketea na kila kitu. Hakuna picha yake iliyobaki. Mimi sikuwahi kumwona.

Mama akaomba kiti. Alikaa mbele ya turubai, mikono mapajani, akamtazama mama yake. Mwalimu aliteremka ngazi polepole, akarudi na chai ya maziwa, akaiweka karibu naye.